MJADALA: Mzee wa miaka 70 alipe SHA mwenyewe, au alipiwe bila kuulizwa?

Mfungua mjadala

Hoja yangu ni hii: Mkenya akitimiza miaka 70, serikali ya kitaifa imlipie SHA, yaani bima ya afya ya umma, papo hapo, bila tathmini ya uwezo na bila kumdai hata shilingi. Umri umeandikwa kwenye kitambulisho, hauhitaji kupimwa upya.

Tazameni hesabu. Mzee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa za kujikimu, hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Kaya isiyo na mshahara hulipa SHIF, mfuko wa bima unaosimamiwa na SHA, kuanzia 300 kwa mwezi, na hudaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Hiyo ni asilimia 15 ya pesa zote anazopewa mzee huyo. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75. Mzee angekatwa kwa kiwango hicho hicho, angelipa shilingi 55 kwa mwezi. Kile kima cha chini cha 300 ndicho kinachomlemea.

Mkupuo nao ni mzigo mwingine. Enzi za NHIF, bima ya awali, kabla ya SHA kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, asiye na mshahara alilipa 500 kila mwezi. Ilikuwa ghali zaidi kwa mwaka, lakini mwana aliye mjini aliweza kutuma 500 mwezi ukiisha na mambo yakaenda. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ndiyo, lakini huo ni mkopo. Kumkopesha mtu wa miaka 78 ili atibiwe, mimi siuoni kuwa msaada.

Mtu wa hesabu

Napinga, na si kwa kukosa huruma. Umri si umaskini. Kati ya waliotimiza miaka 70 wamo wenye pensheni nono, wenye nyumba za kupangisha na wenye mashamba ya majani chai. Ukiwasamehe wote, anayebeba mzigo wao ni mwajiriwa wa mshahara wa 15,000 anayekatwa 412 kila mwezi.

Tena pesa mnazopigania ni ndogo kuliko gharama zenyewe. Kwa kima cha chini, kila wazee milioni moja ni shilingi bilioni 3.6 kwa mwaka. Sasa weka matibabu upande wa pili: kitanda cha hospitali ya kiwango cha 4, yaani ya kaunti ndogo, hulipiwa 3,360 kwa siku, kwa hiyo mchango wa mwaka mzima unamalizwa na siku moja ya kulazwa na saa chache. Kusafisha figo ni 10,650 kwa kila kikao. Mara mbili kwa wiki, wiki 52, ni 1,107,600. Anayetumia bima kwa wingi ni mzee, hilo halina ubishi.

Ninachokiogopa ni hiki. Serikali ikiahidi kulipa na Hazina Kuu ichelewe kutoa pesa, hospitali haitasubiri. Itamwambia mzee alipe taslimu kwanza. Atakuwa amesajiliwa, amelipiwa kwenye karatasi, na bado anauza mbuzi. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Tuone kwanza hao wanalipiwa kila mwaka bila kukatika, ndipo tuongeze wengine.

Karani wa mapokezi

Mnabishana juu ya pesa, na wazee wengi wanakwama kabla hata ya kufika kwenye pesa. Niwaonyeshe wapi.

Kwanza, kusajiliwa si kulipiwa. Mzee anabonyeza *147#, au anaandikishwa kwenye tovuti ya Afya Yangu, anapata ujumbe kwamba amesajiliwa, anarudi nyumbani akijua ana bima. Kwa zahanati na kituo cha afya, yaani kiwango cha 2 na cha 3, kweli hatadaiwa, kwa sababu huko anayelipa ni mfuko wa serikali uitwao Hazina ya Afya ya Msingi. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo ndipo anaambiwa hana malipo. Usiku, ana nimonia, na waliomleta wana nauli tu.

Pili, kitambulisho. Kile cha zamani kina namba mbili upande wa mbele. Ya kitambulisho chenyewe ina tarakimu 7 au 8. Ile nyingine yenye tarakimu 9 ni ya kadi tu. Mjukuu mwenye haraka huingiza ya tarakimu 9, mfumo unakataa, na mzee anaambiwa "hayumo". Yumo. Soma upande wa kulia juu.

Tatu, simu. Asiye na simu husajiliwa kwa namba ya mjukuu. Mjukuu akihamia Nairobi au akibadilisha laini, ujumbe wa uthibitisho unamfuata huko. Heri namba ya mtu anayelala nyumba moja na mzee, hata kama ni ya kabambe, simu ndogo ya vitufe.

Nne ni vidole. Tangu 2025 SHA imekuwa ikiacha namba ya siri inayotumwa kwa simu na kuweka alama za vidole, ili kuzuia madai ya wagonjwa hewa. Nia ni njema. Lakini mtazame mama aliyeshika jembe na kufua kwa mkono miaka 60: ngozi ya kidole gumba imelainika kama kokoto ya mtoni, na ngozi ya uzeeni ni kavu. Kioo cha mashine hakioni mistari. Wengi hubonyeza kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo wanaharibu kabisa, kwa sababu mistari iliyobaki inalala. Futa kidole kwa kitambaa chenye unyevu, acha sekunde kadhaa, weka taratibu bila kukandamiza. Gumba likikataa, nenda kidole cha kati na cha pete, vya mkono ambao hautumii sana. Hivyo huwa havijachakaa. Na siku ya kusajiliwa, sisitiza vichukuliwe vyote kumi, usikubali viwili tu.

Mhamasishaji wa afya ya jamii

Karani amesema kweli, nami naongeza tathmini ya uwezo, maana hapo ndipo mchango unapopanda kupita 3,600.

Maswali ni ya vitu: kuta za nyumba ni za nini, paa, sakafu, maji yanatoka wapi, choo cha aina gani, unapika kwa nini, una mifugo mingapi, mnaishi wangapi. Hakuna linalouliza nani alinunua hayo mabati. Kijijini utakuta ajuza peke yake kwenye nyumba ya mawe yenye sakafu ya saruji, aliyojengewa na wanawe. Mfukoni hana kitu, lakini majibu yanamwonyesha kama mtu wa kipato. Jirani yake mwenye duka, anayekaa nyumba ya udongo kwa kuwa pesa zote ziko dukani, anaonekana hohehahe.

Kwa hiyo, ndugu Mtu wa hesabu, hicho kipimo unachotaka kitenganishe mzee tajiri na maskini hakifai kwa kazi hiyo. Kwa kijana kinakaribia ukweli. Kwa mzee, nyumba ni historia ya wanawe.

Wanaosaidia wazee kujibu: jibuni pamoja naye, ndani ya boma lake, mkiona vitu kwa macho. Kiasi kikitoka kikubwa kuliko hali yake, msilipe haraka. Nendeni ofisi ya SHA ya kaunti mwombe kirudiwe.

Na wazee wawili waliooana waandikwe kaya moja, mmoja mkuu wa kaya na mwingine mwenzi. Wakiandikwa kila mtu kivyake ni 7,200 badala ya 3,600. Mume akifariki, mjane aliyekuwa chini ya jina lake ajisajili upya kama mkuu wa kaya, asingoje augue.

Mwajiriwa

Naomba kuuliza lililo rahisi. Kwa nini nisimwandike mama yangu mzazi chini yangu? Mshahara wa 100,000 hukatwa 2,750 kwa mwezi, 33,000 kwa mwaka, na makato hayana kikomo cha juu. Hiyo inatosha kima cha chini cha kaya tisa.

Mtu wa hesabu

Sheria ya mwaka 2023 inamtambua mwenzi na watoto. Mzazi ni kaya yake mwenyewe. Unaweza kumlipia kwa namba ya kitambulisho chake, lakini si kumwingiza kwenye yako. Nami naona ni sawa: viwango vya matibabu kama vile vya saratani vimewekewa kikomo kwa kaya. Mama akiugua akiwa chini yako, anakula kiasi ambacho mkeo na watoto wangehitaji.

Mhamasishaji wa afya ya jamii

Na asiye na mtoto wa mshahara? Huyo ndiye tunayemzungumzia toka juu.

Mtu wa hesabu

Kuhusu nyumba ya mawe umenishinda, nakiri. Basi tuache tathmini kwa waliopita 70. Anayepokea pensheni akatwe asilimia 2.75 ya pensheni yake, kwa kuwa hiyo inaonekana wazi na haihitaji kukisiwa. Asiye na pensheni alipiwe.

Mfungua mjadala

Hapo tumekaribiana, nami narekebisha hoja. Orodha ya Inua Jamii ipo, ina majina na namba za vitambulisho, na chifu anawajua wanaopokea. SHA iwasajili kutoka orodha hiyo, na mchango utoke Hazina Kuu moja kwa moja mwanzoni mwa mwaka wa fedha, tarehe 1 Julai, kabla pesa hazijagawanywa kwingine. Sharti langu moja: wasiondoe 3,600 kwenye ile 2,000 ya kila mwezi. Ile ni ya unga.

Karani wa mapokezi

Ongeza la pili: kidole kikikataa mara tatu, mzee ahudumiwe kwa kitambulisho na sahihi ya afisa wa zamu, na mashine ishughulikiwe baadaye. Bila hilo, hata mkimlipia miaka kumi mbele, atabaki kwenye benchi langu.