"Nimeloweka" ni uongo, na mimi nimechoka na sufuria ya ugali

Jamani, acheni niseme kabla sijapasuka.

Tunaishi watatu hapa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Kodi tunagawana, gesi tunagawana, unga tunagawana. Sufuria hatugawani. Sufuria ni yangu.

Ukishapakua ugali, ukoko ukiwa bado na joto, dakika mbili tu unabanduka. Binamu yangu anajua, tulilelewa na nyanya mmoja. Lakini yeye akishiba anamimina maji kikombe kimoja, anasema "nimeloweka", huyoo, mpira. Ameloweka Jumatatu. Leo ni Alhamisi! Maji yamekuwa uji, yana povu, yananuka kama busaa. Nzi wameshahamia.

Na hayo maji yanatoka wapi? Bwawa la Ndakaini lijae lisijae, sisi huku ni mgao. Mfereji wa chini unafunguliwa Jumapili usiku, na anayeamka saa tisa kupanga foleni na jerikeni ni mimi. Lita 20 ni kilo 20, na ngazi nimezihesabu: 84. Yakiisha kabla ya Jumapili nanunua kwa yule wa mkokoteni, shilingi 50 jerikeni. Ndiyo hayo mtu analowekea ukoko siku nne.

Huyo wa tatu ndiye ananimaliza kabisa. Hapiki, kwa hivyo haoshi. Lakini kula anakula! Anamega tonge kutushinda sote, halafu ati "mimi sikuchafua".

Nilimwomba mama fua wetu wa Jumamosi aniongezee hiyo sufuria, nimpe mia juu. Akachungulia sinki, akajifunga leso upya. "Nguo nitafua, mwanangu. Hiyo mzikeni wenyewe."

Sikatai kazi. Deki napiga, choo nasugua na sisemi neno, maana choo angalau kila mtu anakubali ni kichafu. Hakuna anayekiacha akasema amekiloweka.

Juzi nikanunua sufuria ndogo, yangu peke yangu, nikaificha kabatini chini ya nguo. Jana nimetoka kazini, nimepanda ngazi zangu 84, nikaikuta kwa sinki.

Imelowekwa.