Kobe wa madoa siku za baridi zenye jua: bustanini, bandani, au abaki chini ya taa?

Mbeyu_Bristol
Wanajamvi, salama? Nina kobe wa madoa, aina ile ile ya Serengeti na Laikipia, ila huyu katotolewa hapa hapa Uingereza kwa mfugaji na ana miaka mitano. Tangu Oktoba yuko ndani kwenye meza yake, taa ya joto upande mmoja na taa ndefu ya UVB juu (miale ya jua ambayo kobe huihitaji kujenga mifupa na gamba). Wiki hii Bristol kumetulia: jua, upepo hakuna, nyuzi 13. Watoto wananibana nimtoe akanyage majani. Naona njia tatu: nusu saa bustanini mchana, au banda la mboga la plastiki ngumu nyuma ya nyumba (jua likiwaka, hewa ya ndani hupita nyuzi 20), au asitoke hadi Mei. Waliojaribu, ipi ilimfaa mnyama?

Fundi_Houston
Mkuu, mimi ni mtu wa nje. Kobe wangu, wa aina kubwa iitwayo sulkata, ni dume mzito, siwezi kumbeba peke yangu, kwa hiyo anajitoa mwenyewe. Ana kibanda cha mbao kilichozibwa vizuri, hita ya mafuta yenye kidhibiti joto, na mlango wa mapazia ya plastiki nzito anayoyasukuma kwa kichwa. Januari yenye jua na nyuzi 18 anatoka mnamo saa nne, anajibanza kwenye ukuta unaotazama kusini mpaka gamba lipate moto, anatafuna nyasi kidogo, anarudi. Siku ya mawingu anachungulia tu. Ya mvua nafunga mlango hata hewa ikiwa na nyuzi 20, kwa sababu asili yao ni Saheli: baridi kavu wanaivumilia kiasi, ya unyevu inawaumiza. Kila jioni napita kuhakikisha ameingia, maana giza likimkuta nje anaweza kulala pale pale.

Lakini wangu ni mkubwa, joto likishaingia mwilini halitoki haraka. Wa miaka mitano atapoa upesi sana. Kwa nyuzi 13 mimi nisingemtoa. Na ukitegemea hita, uwe na mpango wa pili. Februari 2021 umeme wa Texas ulipokatika kwenye ile baridi kali, wafugaji wengi huku walihangaika.

Dada_Leipzig
Kaka Mbeyu, kwanza niwatahadharishe wasomaji wenye kobe wa Ulaya ya kusini, kama wangu wa aina ya Hermann: msifuate mjadala huu. Hao hulala majira yote ya baridi. Wangu wako kwenye friji yao wenyewe, nyuzi 5, tangu Novemba, na hata Februari ikiwa na jua zuri siwagusi. Ukimwotesha jua mchana mmoja kisha ukamrudisha, mwili unaamka na kutumia akiba ambayo hana pa kuirudishia.

Kobe wa madoa hana usingizi huo kabisa. Akipoa hajalala, amezimika tu. Chakula kinabaki tumboni hakisagiki, kinachacha. La kuogopa zaidi ni mapafu: kobe hawezi kukohoa kama sisi, makamasi yakishuka huko ni vigumu kuyatoa. Ukiona mapovu puani, au anapumua shingo imenyooka na mdomo wazi, mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Kati ya njia zako tatu nachagua banda, kwa masharti. Usilitegemee kwa UVB, kwani vioo na plastiki za kawaida huzuia karibu miale yote hiyo. Zipo plastiki za akriliki zinazoipitisha, ila banda la mboga kwa kawaida halijengwi nazo.

Kisiwani_Maskati
Assalaam alaykum. Huku Oman mambo yamepinduka: baridi ndiyo msimu wetu wa kuwatoa, mchana wa Januari ni nyuzi 24 au 25, na kiangazi ndiyo tunawaficha. Jua letu la Januari lina nguvu. Lenu halina, ndugu yangu, hata likipendeza machoni. Toka uani adhuhuri utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, UVB inayofika ni haba. Kwenu Bristol kivuli hakitakuwa kifupi kuliko wewe mpaka karibu wiki ya kwanza ya Aprili, tena mnamo saa saba mchana tu. Kwa hiyo kama nia ni apate jua la kweli, taa yako inampa zaidi sasa hivi. Iangalie tu umri wake: mirija ya taa hizi huendelea kuwaka wakati UVB imeshapungua, ndiyo maana wengi hubadilisha kila mwaka.

Laikipia_Juu
Hapo kuna jambo. Nanyuki usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na kobe wa madoa wako huku porini wala hawafi. Mtu anaweza kusema basi Bristol si tatizo. Lakini waangalieni wanavyoishi. Asubuhi hawasogei, wamejificha chini ya vichaka vya leleshwa, magamba yana umande. Jua likipanda udongo unachemka, ukiweka kiganja chini unakiondoa. Ndipo wanapotoka. Baridi yao ni ya usiku, na kila mchana wanalipwa. Mbeyu, acha kusoma nyuzi za hewa kwenye simu. Pima ardhi. Tumbo lake ndilo linalogusa chini.

(Na kwa walio Kenya: kumwokota huyu porini ukamfuge bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni kosa la jinai. Mwacheni aliko.)

Mbeyu_Bristol
Nimepima leo saa saba kwa kipimajoto kile chenye umbo la bastola, unachokilenga bila kugusa. Nyasi zilizo juani 9. Matofali ya ukuta 17. Bandani hewa 23, lakini udongo 11! Bustani naifuta. Banda je, nifanyeje na hiyo sakafu?

Dada_Leipzig
Tandika ubao mnene wa povu la kuzuia baridi, juu yake ubao wa mbao, kisha udongo mkavu. Weka taa ya joto inayofikisha nyuzi 30 na kitu juu ya udongo, uining'inize kwa mnyororo, si kwa kibanio, kwa sababu ikianguka inachoma banda. Asubuhi mwache apate moto mezani kwake kwanza, awe ameshachangamka ndipo umhamishe. Lenga kipimajoto kwenye gamba mara kwa mara. Mpaka wangu ni 22. Likishuka hapo, arudi ndani. Na arudi kabla jua halijaondoka kwenye plastiki, joto la banda huanguka ghafla.

Fundi_Houston
Na hatari ya upande wa pili: mwishoni mwa Machi banda hilo hilo linaweza kupita nyuzi 40 mchana. Tengeneza dirisha la juu mapema, na kona ya kivuli.

Kisiwani_Maskati
Watoto nao wapewe kazi. Wakachume mchunga na majani mengine ya bustanini, mbali na barabara na pale mbwa wanapopita, wayaoshe, wamletee mezani. Yakiwa na maji ya kuoshea ni vizuri zaidi, taa zinamkausha.