Msaada: mtoto amekuwa mwanasheria wa nyumba, nimfundisheje uzalendo wa kawaida?

Ngosha_wa_Igombe: Wakuu habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la sita. Nilimnunulia mwenyewe kijitabu cha Katiba ya 1977 pale Makoroboi ili aipende nchi yake. Sasa nyumbani hakukaliki, kila nikifungua mdomo ananitajia ibara. Nataka uzalendo wa kawaida tu: wimbo wa taifa, bendera, Mwenge, heshima kwa wakubwa. Nianzie wapi?

Mama Kulwa: Pole baba. Wangu walinipa ibara ya 18, uhuru wa maoni, nilipowatuma maji. Nikawaambia ndoo haina maoni. Walikwenda.

Mstaafu_Bwiru: Sisi tulikariri ahadi za TANU. "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Bwana aliyetukaririsha ndiye huyo huyo alikuwa akitoa sukari ya duka la ushirika kwa mlango wa nyuma, ila hayo tuyaache. Mleta uzi, sema kweli: anakutajia ibara ipi?

Ngosha_wa_Igombe: Hilo si la msingi mzee wangu.

Dogo_Mwaloni: Ndilo la msingi. Taja.

Ngosha_wa_Igombe: Ya 27. Wajibu wa kulinda mali asilia.

Dogo_Mwaloni: Igombe pale ziwani, mali asilia… Mkuu, wewe una kokoro, ule wavu haramu wa kukokota!

Ngosha_wa_Igombe: Wanavuta vijana, mimi hata kamba sishiki. Na ada inatoka humo humo. Juzi mashemeji wamekuja, tumekaa kula, mtoto akatoa rula ya shule akailaza juu ya sangara. Rula ya sentimita 30, samaki hakuimaliza. "Baba, sheria inataka 50." Mashemeji wakaacha kutafuna. Sasa Katiba hiyo hiyo ibara ya 22 inanipa haki ya kufanya kazi, au nayo mmeifuta? Nimeshalipa nusu ya ada ya bweni Shinyanga, hilo sirudi nyuma. Naomba ushauri wa uzalendo tu.

Wakili_Mtaa: Endelea hadi ibara ya 30. Haki yako isikwaze haki za wengine wala maslahi ya umma. Kama mtoto hajafika hapo, omba Mungu asifike.

Mama Kulwa: Yaani unamhamisha mtoto kwa sababu kapima samaki? Kokoro linazoa mpaka vifaranga, mume wangu siku hizi analala ziwani anarudi na ndoo moja.

Chai_Haina_Sukari: Jamani mnanyweshwa chai. Mvuvi gani anapanga ibara hivi, 27, 22? Huyu ni mwalimu wa Uraia anatunga maswali ya mtihani, nasi tunamjazia majibu.

Mstaafu_Bwiru: Kama ni mwalimu, basi ni mzuri.

Ngosha_wa_Igombe: Mwalimu gani? Njoo Igombe alfajiri uone.

Dogo_Mwaloni: Tusiende mbali. Hao samaki wachanga unampelekea nani huku sokoni Mwaloni?

Ngosha_wa_Igombe: Swali hilo halihusu uzi.