Mrejesho: lile rundo la nguo limepungua

Ndugu zangu, niliwaeleza jinsi nguo za watu sita zilivyonishinda: Jumamosi nafua kutwa, Jumatano kapu limeshafurika. Mlinishauri nisingoje wikendi, nifue kidogo kidogo kila siku. Nina wiki tano sasa. Usiku naloweka sare na soksi, alfajiri nafua na kuanika kabla sijatoka. Mashuka yana siku yake.

Kilichonisaidia zaidi ni kila mtu kuwa na kapu lake. Kumbe kukunja hakukunichosha kama kutafuta soksi hii ni ya nani! Nguo zikianuliwa zinaingia kwenye kapu la mwenyewe, na mwanangu wa miaka tisa anakunja zake. Hazikai sawa, lakini sizigusi. Nikizirudia atakata tamaa.

Uvundo wa taulo nao umekwisha. Nilikuwa naishindilia mashine mpaka nguo hazigeuki, sabuni haitoki, kisha nazisahau humo usiku kucha. Sasa naacha nafasi juu, sabuni nimepunguza, na zikimaliza tu naanika.

Kilichobaki ni madoa ya wino kwenye mashati meupe. Aliyefanikiwa kuyatoa anielekeze, tafadhali. Asanteni sana.