Gazeti la Kiongozi la Tanga, nani anajua nakala zilipo?

mjukuu_wa_karani
Wakuu habari zenu. Juzi tumefungua sanduku la bibi huku Ngamiani, mchwa wameshakula karibu yote, kimebaki kipande cha gazeti juu kimeandikwa KIONGOZI na Tanga, halafu kuna mistari kama mitatu hivi, mvua zimechelewa, mahindi yamepanda bei, basi. Bibi anasema babu yake alikuwa karani wa reli Mombo na alikuwa anawaandikia hao watu wa gazeti. Ndo hilohilo Mambo Leo au? Nikigugo linakuja gazeti la Wakatoliki tu.

bandarini_tz
Hapana mkuu usichanganye. Mambo Leo ni la serikali ya Mwingereza, Dar, 1923. Hilo lako la Mjerumani, lilianza 1904 likichapwa palepale shule ya serikali Tanga, shule ilikuwa na mitambo yake. Mwingereza alipoingia Tanga 1916 ndo likafia hapo. La Wakatoliki ni jina tu limefanana, limekuja miaka ya 50.

Shangazi Makorora
Mwanangu hiyo mistari mitatu usiitupe!! Vijana waliosomeshwa Tanga walikuwa wanapelekwa bara kuwa walimu, makarani, maakida (wale watawala wadogo wa Mjerumani), na huko waliko wanaandika barua kwa gazeti, huyu nzige wamekula shamba, yule simba kachukua mtu, fulani kafariki. Kwa mtu anayetafuta ukoo wake hivyo vihabari ndo vyenyewe, kurasa za mbele za kumsifu Kaiser, mfalme wa Wajerumani, mi naruka tu.

mzee_kijana
Naongezea, lilikuwa gazeti la serikali, kwa hiyo ukitaka kujua Majimaji ya 1905 ilikuwaje usitegemee hilo peke yake, aliyepigwa hakupewa ukurasa. Ila bei na mvua sioni kwa nini karani adanganye. Na angalia hiyo bei imeandikwaje, ikiwa ni heller basi ni 1904 au baadaye maana kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, wakaja kuifanya heller 100 (ndo hela yetu hii hii). Reli yenyewe imefika Mombo 1905. Kaulizie maktaba ya Chuo Kikuu Dar, pale East Africana, halafu Nyaraka za Taifa Upanga. Na majina ya miji yatakusumbua, Lushoto kwa Mjerumani ni Wilhelmsthal.

mjukuu_wa_karani
Dah kumbe! Hapo kwenye kipande pembeni kuna "Wilhelm..." imekatika, mi nilijua ni jina la mzungu. Na bei ni heller 6, nimeangalia tena kwa tochi. Asanteni sana, shangazi shikamoo. Mwezi ujao nina safari ya Dar, nitapita Upanga.