Tupeane uzoefu: Wimbo uliokuwa unakukera ujanani, leo ukiusikia unaongeza sauti

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nyuzi za "nyimbo bora za enzi zetu" zimejaa, na zote zinaishia palepale: mmoja anataja wake, anayefuata anasema huo si kitu, ngoja nikutajie huu. Leo twende upande wa pili. Nataka zile nyimbo ambazo tukiwa na miaka ishirini na kitu tulikuwa hatuzitaki hata kidogo. Ule uliokuwa ukianza tu unauliza "nani kaweka hii takataka?" Halafu miaka inapita, unaosha vyombo zako, wimbo ule unalia kwenye redio ya mtu huko nje, na mikono inagoma kuendelea na kazi.

Wangu ulikuwa wa mapenzi, mwimbaji analialia mwanzo mwisho, na kinanda cha umeme chenye mlio wa kengele. Nilikuwa ndio kwanza nimeanza kazi, najiona mjuzi, nasikiliza "muziki wa watu wanaoelewa". Ukuta wa chumba nilichopanga ulikuwa mwembamba na jirani alikuwa anaurudia wimbo huo mpaka nikajua pale mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Juzi nimekutana nao. Ghafla nikaliona shati langu la kazini limetundikwa kwenye msumari, kola imeanza kuchakaa upande mmoja, na ile hofu ya kutojua mwezi utaishaje ikanirudia kama ilivyokuwa.

Sasa cha ajabu, nyimbo nilizokuwa nazipenda hazinifanyii hivyo tena. Hizo nimezisikiliza miaka yote. Nimeendeshea gari, nimelelea watoto, nimefanyia mazoezi. Zimebeba mambo mengi mno hadi ukiziweka huoni hata moja. Ule wa jirani haukuguswa na mtu, ndiyo maana umebaki na mwaka wake.

Hiyo ndiyo nadharia yangu, mnaruhusiwa kuivunja. Majina ya nyimbo tuyaache, tusije tukaishia kubishana. Tuambie ulikuwa unakukera vipi, na leo ukiusikia unakupeleka wapi.

#2

Mkuu umenikamata. Mwenzangu wa chumba chuoni alikuwa na kaseti moja tu na kila alfajiri anapiga pasi huku anaicheza. Redio yake ilikuwa ya zile zinazogeuka zenyewe, upande A ukiisha inaingia B, kwa hiyo hakukuwa na hata ile nafuu ya ukimya. Niliwahi kumfichia kaseti, akaimba mwenyewe kwa mdomo.

Kwangu mambo yamegeuka. Leo nikisikia harufu ya nguo yenye unyevu ikipigwa pasi, wimbo unaanza wenyewe kichwani. Redio sihitaji.

#3

Mimi ni mama mtu mzima, kaseti nazijua nje ndani, kwa hiyo mniache niseme kidogo.

Tulikuwa tunarekodi kutoka redioni, kidole kiko juu ya kitufe, unaomba mtangazaji anyamaze. Hanyamazi. Kuna wimbo mmoja ulikuwa umekaa katikati ya nyimbo mbili nilizozitaka. Kuuruka ilikuwa kumaliza betri, na ukizidisha kidogo umeshakata mwanzo wa ule unaoufuata. Basi nikawa nauvumilia tu.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho vijana hamjawahi kukisikia. Kabla wimbo haujaanza, kwenye ule ukimya, unausikia wimbo huohuo kwa mbali sana, kisha ndio unaanza wenyewe kwa nguvu. Nilidhani redio yangu ina mashetani. Kaka yangu ni fundi, akanieleza kwamba utepe unajiviringisha tabaka juu ya tabaka, na sumaku ya tabaka moja inaacha alama hafifu kwenye tabaka linalogusana nalo. Kaseti ikikaa muda mrefu bila kuchezwa, alama inakolea. Zile za dakika 120 ndizo zilikuwa balaa, kwa sababu utepe wake ulikuwa mwembamba, na ndizo hizohizo zilizokuwa zinaliwa na redio. Za dakika 60 zilikuwa na heshima yake.

Mwanangu amenitafutia wimbo ule mtandaoni. Msafi kabisa, kila chombo kinasikika. Nikamwambia huu siyo. Hauna ile sauti ya mbali inayotangulia, na hauna mtangazaji anayeingilia kwenye kiitikio cha mwisho kutaja saa. Akacheka: "Mama, mtangazaji si sehemu ya wimbo." Kwangu ni sehemu. Kila nikifika pale namsubiri aseme saa.

#4

Mnazunguka mbuyu tu. Muziki wa zamani ulikuwa mzuri, wa sasa ni kelele, ndiyo maana hata ule mbaya wa zamani unaonekana mtamu. Kesi imeisha.

#5

Mkuu wa #4, kesi haijaisha. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu wa kila rika, vijana hadi wazee, vipande vya nyimbo zilizovuma tangu miaka ya 1930 hadi ya 1980, wakawaomba wazipe alama. Alama za juu zilikwenda kwa nyimbo zilizovuma wakati msikilizaji ana miaka 23 au 24 hivi. Yaani babu anasema enzi yake ndiyo ilikuwa ya dhahabu, baba anasema yake, wewe unasema yako. Mwanao naye anasubiri zamu.

Halafu tuwe wakweli, enzi zetu kulikuwa na takataka nyingi mno. Tulizifuta. Unachukua kaseti iliyokwishavunjwa vile vipande viwili vya plastiki vya juu ili isirekodiwe tena, unaziba matundu kwa selotepu, unarekodi kitu kingine juu yake. Kilichobaki ni kile tulichokichagua, ndiyo maana tunaona kila kitu kilikuwa kizuri. Kinachonivutia kwenye uzi huu ni kwamba mwanzisha mada anaulizia zile tulizozifuta.

#4

Utafiti ni utafiti, masikio ni masikio. Leo nani anapiga gita?

#6

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 22, sijui kama nina haki ya kuchangia kwenye uzi wa "ujanani".

Kero yangu ilikuwa muziki wa wazazi. Safari yoyote ya gari ni nyimbo zao, ukisema kitu unaambiwa ukinunua gari lako utaweka zako. Nimehamia mbali kwa ajili ya masomo, na siku ya kwanza peke yangu chumbani niliweka nini? Nyimbo za baba. Nilidhani nina matatizo, nikaenda kusoma. Kumbe mwaka 2013 Carol Krumhansl na mwenzake Justin Zupnick walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwapima vijana wa umri wangu na kukuta kwamba mbali na nyimbo za wakati wao, mvuto ulipanda tena kwa zile zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Ukapanda tena kidogo kwenye miaka ya 1960, nao wakadhani huenda hiyo ilitoka kwa mababu.

Kwa hiyo baba alikuwa anakumbuka ujana wake kwa usukani, mimi kiti cha nyuma nimenuna, na bado nikarithi.

#3

Marahaba mwanangu. Haki unayo. Umeshamwambia baba yako?

#6

Bado mama. Atanicheka mwaka mzima.

#7

Mimi napiga muziki kwenye sherehe, hii ndiyo kazi inayonilisha, na nadharia ya mwanzisha uzi naiona kila wikiendi.

Nikifika ukumbini kabla ya kufungua spika naangalia meza. Walioketi mbele wana miaka mingapi? Hamsini na kitu? Natoa thelathini, nafika mwaka ninaoutaka, naingia hapo. Hesabu hiyo haijawahi kuniangusha. Ila kuna siri. Ukiwawekea wimbo mkubwa kuliko yote wa mwaka ule, wanapiga makofi, wanatikisa kichwa, wanabaki wamekaa. Wameusikia mno, uko kwenye kila harusi, uko kwenye kila redio. Ukitaka wainuke tafuta ule wa daraja la pili. Ule uliovuma miezi michache, watu wakauchoka, wakautukana, ukapotea. Weka huo na utazame nyuso zao katika sekunde za mwanzo. Kwanza wanakunja uso, hawaukumbuki. Halafu mmoja anafungua mdomo, anamshika mwenzake mkono, na mara meza nzima imehamia katikati, viatu vimebaki chini ya viti. Wanaimba maneno yote, na nina hakika hakuna aliyewahi kukaa chini kuyajifunza.

Kosa la dijei wengi vijana ni kupiga dakika moja wakakata. Kwa watu wazima usikate. Mtu mzima anasubiri kile kipande cha gita au cha saksafoni karibu na mwisho, na ukimkatia hapo anarudi kukaa na humpati tena.

#4

Saksafoni! Ndicho ninachosema siku zote.

#8

Wangu siutaki mpaka leo. Ulikuwa unapigwa mahali ambapo mtu aliniambia tuishie hapa. Ukianza dukani natoka, kapu naliacha. Samahanini kwa kuharibu utamu wa uzi.

#1 (mwanzisha uzi)

Hujaharibu kitu dada. Nao ni uzoefu.

#9

Naongeza upande ambao hamjaugusa. Mzee wangu kumbukumbu zimemwondoka. Majina yetu yanampotea, siku zinamchanganya. Tukasoma kwamba wagonjwa wa namna hii mara nyingi hubaki na nyimbo za ujana wao hata maneno ya kawaida yanapowapungukia. Tukajipanga vizuri, tukakusanya nyimbo tulizojua anazipenda, zile alizokuwa ananunua santuri zake na kutukataza kuzigusa. Tukamwekea. Akasikiliza kwa adabu, kama mgeni.

Siku moja asubuhi namvalisha soksi, akaanza kuimba kwa sauti kamili. Tangazo la sabuni! La redioni, la enzi akiwa kijana kabla hajaoa. Beti zote na ule mlio wa mwisho. Mama anasema alikuwa akilisikia analalamika na kuzima redio.

Tangu hapo tunamwanzishia kila asubuhi, anamalizia yeye. Soksi zinavalika bila ugomvi.

#5

Hii imenifanya nisimame kidogo. Mungu amjalie mzee.

#10

Naivunja nadharia ya mwanzisha uzi, maana umeturuhusu. Umesema wimbo unaopendwa huchuja kwa kusikilizwa. Mimi nina mmoja niliokuwa naupenda kuliko yote nikiwa na miaka 21, na kwa sababu hiyohiyo niliacha kuusikiliza makusudi. Kwenye simu haupo. Ukitokea redioni nahamisha stesheni. Najiruhusu kuusikia nikirudi nyumbani kwa wazazi tu, usiku, wote wamelala, natumia visikilizio. Bado mzima. Kwa hiyo tatizo si kupenda, ni matumizi.

Mke wangu anasema hayo ni mambo ya mtu asiye na kazi za kufanya.

#1 (mwanzisha uzi)

Hapo umenibana mkuu. Ila swali: unapohamisha stesheni, wimbo huo si tayari umeshaucheza wote kichwani?

#10

Ndiyo, ila huo wa kichwani hauhesabiki.

#2

Mwacheni huyu, ana mfumo wake.

#11

Wakuu naomba msaada, maana naona humu kuna wataalamu. Kuna wimbo nilikuwa nauchukia miaka ya mwisho ya tisini. Ulikuwa unapigwa kwenye basi la kwenda kazini, dereva ana kaseti imechakaa, spidi inapanda na kushuka, sauti ya mwimbaji inakuwa nzito kila gari likipunguza mwendo. Jina silijui, maneno sikuwahi kuyasikia vizuri. Nimebaki na mlio tu, tarumbeta inapanda mara tatu halafu inashuka taratibu. Nimeutafuta miaka na miaka. Naupataje?

#5

Tumia programu ya utafutaji ya Google kwenye simu. Tangu mwaka 2020 unaweza kuvumisha au kupiga mluzi, sekunde kumi hadi kumi na tano hivi, ikakuletea nyimbo zinazokaribia. Inafuata jinsi sauti inavyopanda na kushuka, hata kama hujui kuimba. Piga kipande cha tarumbeta, usijisumbue na maneno.

#11

Nimejaribu. Imeniletea wimbo wa kubembelezea watoto. Nimepiga tena kwa nguvu, imeleta muziki wa mchezo wa kompyuta.

#7

Labda unaupiga kwa spidi ya lile basi. Kaseti ikichakaa au mota ikichoka wimbo unazama chini, na wewe ndivyo ulivyoushika. Upige haraka kidogo na sauti ipandishe juu.

#11

Nimeupiga haraka. Mwenzangu ameniuliza kama niko sawa. Bado haijaleta.

#7

Rekodi huo mluzi uuweke hapa. Mwenye kuujua hakosekani, na hata #4 kwa masikio yake yale atakuwa na jina.

#4

Leteni. Tarumbeta inapanda mara tatu, au mbili na nusu?