MREJESHO: yale mawe ya veranda yaliyopauka baada ya kuoshwa

Wadau habari, mimi ndio nilileta swali la mawe ya veranda yangu hapa Kasarani, yale ya rangi ya krimu nililetewa kutoka Pwani, fundi akaniambia ni magumu kama ya Juja (yale mawe ya kujengea kutoka Kiambu), akaosha simiti iliyomwagika na asidi ya choo na kesho yake yakawa meupe, ukipapasa ni kama chaki.

Aliyenishauri nikamulie jiwe ndimu ili nijue ni la aina gani, shukrani sana ndugu. Nilichukua kipande kilichobaki nikadondosha, kikatoa povu papo hapo hadi unasikia kwa sikio tsss, nikajaribu kwa jiwe la Juja la ukuta, kimya kabisa. Kumbe la kwangu ni jiwe la chokaa, asidi yoyote inalikula, hata siki, na la Juja ni la volkano ndio maana halikushtuka.

Sasa nimesuuza na maji mengi, kisha fundi mwingine akapiga msasa wa maji polepole siku mbili, kwa sababu ile sehemu iliyolika hairudi kwa kuosha, lazima ikwanguliwe. Rangi imerudi na vile vijikombe vya konokono wa bahari ndani ya jiwe vinaonekana tena, nimefurahi sana jamani. Ikikauka vizuri tutapaka sila (dawa ya kulikinga jiwe lisinyonye maji na uchafu).

Sabuni ninayotumia sasa ni ya vyombo tu na brashi laini. Vipande vilivyobaki nimevipanga kuzunguka mmea wa rosemari, maana unapenda udongo wenye chokaa.